Matairi Mapya kwa Gari Lisilotembea Tena

Saa mbili asubuhi, Mama Taratibu amepiga magoti juu ya kipande cha boksi, akikaza nati za gurudumu la gari ambalo halitatembea tena. Sehemu ya nyuma imebonyea hadi kwenye viti vya abiria. Matairi, hata hivyo, ni mapya.

"Shemeji, unamvisha maiti viatu," asema fundi mwenye gereji, mdogo wa marehemu mumewe.

"Hata maiti hustiriwa," ajibu bila kuinua uso. "Nipe spana."

Mama huyu mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu ni dereva wa teksi. Jina hilo la utani alipewa na wateja kwa sababu ya mwendo wake. "Husema wakiwa na haraka huenda kwa miguu," aeleza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Miezi minne iliyopita alikuwa amesimama kwenye taa nyekundu, lori lililokatika breki likamgonga kwa nyuma. Hakuwa na abiria. Alivunjika bega, na mpaka leo mlio wa honi humfanya ashike ukuta.

Gari hilo lilinunuliwa kwa kiinua mgongo cha mumewe, aliyefariki mwaka uliofuata. Ndilo lililomlisha mjane huyo, na ndilo lililompeleka mama mkwe wake kliniki.

Lilikuwa na bima kubwa. Kampuni ilikiri kwamba halifai kutengenezwa, ikaahidi kulipa thamani yake ya kabla ya ajali, kisha ikatoa milioni nne. Gari la aina na umri huo huuzwa kwa milioni sita na nusu.

Kosa lilitoka kwa watu wake mwenyewe. Alipokuwa hospitalini, madereva wenzake walilikuta gari pasipo mlinzi kwenye uwanja lilikovutwa baada ya ajali. Kama ilivyo desturi yao, walivua kila kinachoibika: matairi aliyoyanunua mwezi uleule, betri, redio na viti vya mbele, wakavihifadhi kwa fundi. Mkadiriaji wa hasara alipofika, alilikuta limekaa juu ya mawe. Akaandika alichokiona: gari chakavu, lisilotunzwa.

"Tuliwakimbia wezi, tukamwibia sisi," asema fundi, akiyatazama mafuta mikononi mwake.

Ofisa wa madai wa kampuni ya bima, binti mpole, alimsogezea karatasi. "Mama, ukisaini leo, pesa zinaingia wiki hii."

"Mwanangu, mlikatia bima gari lenye magurudumu. Mbona mnanilipa la mawe?"

Binti aliivuta karatasi nyuma. "Basi rudisheni kila kitu, nimwombe mkadiriaji aje tena. Lakini kikisharudi garini ni mali ya kampuni, pamoja na mabaki. Na sikuahidi kitu, Mama."

Hapo ndipo uamuzi ulipokuwa mgumu. Vifaa hivyo ndivyo pekee alivyobaki navyo, na mnunuzi alikuwa amekwisha kuvitajia laki sita. Mkadiriaji asipobadili neno, angekosa vifaa na nyongeza pia.

"Ningeviuza, tungekula miezi miwili," asema. "Baada ya hapo?"

Mkadiriaji anawasili jua likiwa limepanda. Analizunguka gari, anapitisha kidole kwenye meno ya tairi, analinganisha na risiti ya dukani.

"Mbona hamkusema tangu mwanzo?"

"Hukuuliza, baba, nami nilikuwa nimelazwa."

Anapiga picha na kuondoka, na madereva waliokuja kusaidia wanakaa chini kama watu wa msibani. Adhuhuri yule binti wa bima anapiga simu: milioni tano na laki nane.

"Ongezeni laki mbili, mwanangu, tumalizane."

Fundi anaacha kupiga nyundo.

"Sita, Mama. Hapo ndipo mwisho."

"Nashukuru. Nakuja kusaini."

Si bei yote. Kilichopungua atakopa katika chama cha madereva, anunue gari la aina ileile kabla ya siku ya kliniki ya mama mkwe wake. Kabla ya kuondoka anafungua mlango wa dereva, anatoa mto wa kukalia alioshonewa na mumewe, anaukung'uta vumbi na kuukumbatia.

Safari ya kwanza, asema, itapita kwenye taa zilezile.

"Zikiwa nyekundu nitasimama. Nitatetemeka, lakini nitasimama."