Uhusiano na Anayesafiri

Kwa miaka minane nimekuwa nikijaza fomu za watu katika chumba kimoja nyuma ya stendi ya Kitale. Nina kompyuta mbili, printa moja yenye kiburi, na benchi ambalo wateja hukalia wakinyoosha karatasi zao kwenye mapaja. Wengi wanaokuja wanataka kuvuka kwenda Uganda. Huwa wamesikia habari nusu nusu. Mmoja ameambiwa kitambulisho kinatosha, mwingine ameambiwa lazima awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wa tatu amekuja na kadi ya kliniki ya mtoto iliyokunjwa mpaka ikapasuka, akidhani hicho ndicho cheti cha kuzaliwa.

Kazi hii imenifunza tabia ya watu na karatasi. Mzee kutoka Bokoli ukimwuliza mwaka wa kuzaliwa hukutajia mwaka aliotahiriwa, kifua mbele kabisa, kisha mnakaa kutoa hesabu pamoja. Ukimwambia kitambulisho chake kinasema vingine, anakuuliza, "Sasa hicho kitambulisho kilikuwa wapi siku hiyo?" Mimi hucheka, halafu naandika kile kilicho kwenye kitambulisho. Fomu haitaki kujua mambo yalikuwaje. Inataka karatasi hii ikubaliane na ile, basi. Nimewaambia watu hivyo mara nyingi hata nikaacha kujisikia nikisema.

Mimi mwenyewe nina karatasi isiyokubaliana na mambo yalivyokuwa. Nilizaa nikiwa kidato cha pili, nyumbani kwetu Tongaren, likizo ya Agosti. Mkunga alikuwa jirani. Wiki moja baadaye naibu wa chifu alikuja na kitabu chake cha kuandikisha vizazi, akaketi sebuleni, akapewa chai. Mama yangu alikuwa amempakata mtoto. Alisema mtoto ni wake. Naibu wa chifu alimtazama mama, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na sweta ya shule, akamaliza chai, akaandika. Hakudanganywa. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kawaida. Msichana akizaa kabla ya wakati, mtoto anaandikishwa kwa nyanya yake, msichana anarudi shuleni, na siku ya kuolewa haulizwi maswali. Muhula wa tatu nilikuwa darasani. Hakuna aliyenionea, na mama alinifanyia wema mkubwa.

Kwa hiyo binti yangu alikua akimwita mama yangu "mayi", yaani mama, wakati watoto wengine wa umri wake walikuwa wakiwaita nyanya zao "kukhu". Mimi alinizoea kama dada mkubwa anayekuja sikukuu na viatu. Nilipoolewa hapa Kitale, na mtu ambaye jamaa zake walitoka mkoa wa kati zamani wakanunua shamba Trans-Nzoia, binti yangu alikuja harusini amevaa gauni la njano kama mmoja wa wadogo zangu. Mume wangu humwita shemeji. Hajawahi kuniuliza lolote, nami sijawahi kumwambia.

Sijui binti yangu alijua lini. Hakuna aliyemwambia, na kijijini kwetu hakuna asiyejua. Nakumbuka alipokuwa na miaka kumi hivi aliacha ghafla kuniita dada. Hakuanza kuniita kitu kingine. Akitaka kunisemesha alikuwa anasogea karibu na kuanza tu kusema.

Mwaka huu alipata nafasi katika shule ya bweni upande wa Mbale, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Aliitafuta mwenyewe, akafanya mtihani wa kuingia, akaupita. Barua ilifika Alhamisi. Ilisema aripoti Jumatatu, na asiyefika siku hiyo nafasi yake itapewa mwingine. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Mtoto anayevuka mpaka hahitaji mengi, lakini yanayohitajika hayana msamaha. Cheti cha kuzaliwa. Nakala ya kitambulisho cha mzazi. Na kama mzazi haendi naye, barua ya idhini iliyotiwa sahihi na mzazi, yenye muhuri wa chifu, ikisema mtoto anasafiri na nani na huyo ni nani wake. Mama yangu magoti yanamsumbua, safari ya Mbale asingeiweza. Mtu wa kumpeleka nilikuwa mimi.

Ijumaa nilikwenda Tongaren na barua niliyokuwa nimeiandika mwenyewe dukani, kwenye kompyuta yangu, kwa maneno ninayoyaandika karibu kila wiki kwa ajili ya wengine. "Mimi, mama mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu, namruhusu binti yangu asafiri akiandamana na dada yake mkubwa." Niliichapa nakala tatu. Wino ulikuwa hafifu kwenye ile ya kwanza, nikaichapa tena.

Mama alivaa miwani akaisoma barua polepole, mdomo ukitembea. Tulikuwa jikoni, anachambua mahindi ya mbegu. Binti alikuwa nje akifua sare.

"Si tungeandika tu vile iko," mama alisema. "Mimi nimezeeka bana. Siogopi mtu."

"Mama, kubadilisha cheti ni miezi. Uende kwa wakili uape, mimi niape, tungoje. Shule ni Jumatatu."

"Ni Jumatatu, ndiyo."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo hakuna. Nipe kalamu." Kisha akasema, bila kuniangalia, "Lakini usiseme ni Jumatatu ndiyo inakuzuia. Jumatatu zilikuwa nyingi."

Akatia sahihi. Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimepewa miaka kumi na mitano ya kubadilisha kile cheti, na wateja wangu nimewabadilishia vyeti vyao hadi vya watoto wa tatu na wa nne. Chifu alipiga muhuri alasiri hiyo hiyo. Alisoma neno "dada", akatoa kitu kama kikohozi, akaniambia niwasalimie watu wa Kitale.

Jumatatu tulitoka Kitale mapema kwa gari la kukodi, tukapita Endebess hadi mpakani Suam. Alikuwa na sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba, na bahasha niliyompa aishike mwenyewe. Njiani hatukuzungumza sana. Aliniuliza kama kule watu wanasoma kwa Kiswahili, nikamwambia ni Kiingereza kama huku. Aliniuliza kama nitakuja siku ya wazazi. Nikasema nitajaribu. Sasa nikikumbuka naona kwamba swali hilo lilikuwa na haja ya jibu jingine.

Pale mpakani hapakuwa na watu wengi. Kulikuwa na wanawake wawili wenye vitunguu, mwenye lori, na familia moja iliyokuwa ikienda mazishini. Afisa wa uhamiaji alikuwa mwanamke wa umri wangu, amevaa sweta juu ya sare kwa sababu ya baridi ya mlimani. Aliangalia cheti, akaangalia nakala ya kitambulisho cha mama, akasoma barua, akatupa fomu mbili, yangu na ya mtoto. "Huyu ni mkubwa, ajaze yake mwenyewe," alisema, "wewe utaangalia tu."

Nilijaza yangu kwa dakika mbili, mkono wangu umezoea. Nikageuka kuangalia ya kwake. Alikuwa ameinama kwenye ubao wa kuandikia ulio ukutani, anaandika kwa herufi kubwa, safi, kama mtu aliyefanya mazoezi. Jina lake lilikuwa sawa. Tarehe sawa. Nambari ya cheti sawa. Mahali palipoandikwa jina la mama, alikuwa ameandika jina langu. Majina yote matatu, kwa mpangilio uleule wa kitambulisho changu. Chini yake, kwenye jina la anayeandamana naye, aliandika langu tena. Kwenye uhusiano na anayesafiri aliandika: mama.

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuona jina langu limeandikwa mahali hapo, na mwandiko ulikuwa wake. Nilisimama nikilitazama. Ningeweza kusimama vile muda mrefu.

Halafu nikafanya kazi yangu.

"Hii haitalingana na cheti," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Watatukataza kupita. Na leo ndiyo siku."

"Najua."

Alikuwa bado ameshika kalamu. Aliniangalia usoni, na nikaona kwamba hakuwa amekosea, wala hakuwa anafanya utundu. Alikuwa ananiuliza kitu, na alikuwa amekiuliza mahali pekee alipojua kwamba nitasoma kwa makini.

Ningeweza kumwendea afisa nikamweleza. Kulikuwa na kiti mbele ya meza yake na hakuna aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni. Pengine angetukataza, na pengine angekuwa mtu wa kuelewa, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mengi. Nilifikiria nafasi ya shule. Nilimfikiria mume wangu pia, nikiri, na jinsi nitakavyoanzia kumweleza jioni. Nilikwenda mezani nikaomba fomu nyingine.

"Imeharibika?" afisa aliuliza.

"Amekosea kidogo."

Nilijaza mimi, kwa mwandiko wangu. Jina la mama, la mama yangu. Uhusiano, dada. Yeye alisimama kando yangu akiangalia kila herufi. Ile ya kwanza niliipasua mara mbili nikaitia kwenye katoni ya takataka chini ya ubao, kama ninavyofanya dukani kila siku.

Afisa alizipanga karatasi zote mbele yake, akapitisha kidole kutoka moja hadi nyingine. Alimwita binti karibu.

"Huyu mmekuja naye ni nani wako?"

"Dada yangu," alisema. Hakusita. Alikuwa hajanitamkia neno hilo kwa miaka mitano.

Afisa alipiga muhuri hapa na pale. "Hata mmejitahidi," aliniambia, akiturudishia bahasha. "Wengi wanakuja hapa karatasi ati hii inasema hivi, ile inasema vile. Zenu ziko sawa kabisa."

Nilimshukuru. Binti yangu alikuwa tayari amelibeba sanduku lake kichwani, anaelekea kwenye daraja la kuingilia Uganda bila kuningoja, na mimi nilibaki pale na godoro mkononi, nikimtazama yule afisa, nikitamani aniite nirudi aseme kuna kosa mahali.