Kinubi Kilichofunikwa

Nilikuwa na programu mbili za kuandikia muziki kwenye ordinateri, kompyuta yangu, zote nimezipakua kwa tabu kwa mtandao wa kwetu Rugenge. Ya kwanza ilikuwa na sura mbaya, na kinubi chake kililia kama sufuria. Ya pili ililia tamu mpaka machozi yakanitoka. Nani angechagua sufuria?

Nilitaka kitu kimoja tu: wimbo ambao mama yangu alikuwa akiimba akipalilia mpunga, upigwe kwa nyuzi kabla masikio yake hayajaziba kabisa. Parokia yetu ilipewa kinubi, na sista mmoja alijua kukipiga. Nilimwahidi mama: "Utaweka mukono ku mbao. Hata usiposikia, utausikia mu kiganja."

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa kwenye video, mpiga piano mwenye kucheka ovyo, aliyejiita bingwa wa kupangia ala zote muziki. Alisema kila mkono una vidole vitano, nami nikaandikia kila mkono sauti tano za kupigwa pamoja. Programu ikapiga zote bila kulalamika.

Sista alitazama karatasi zangu, kisha akakunja vidole vyake vidogo vya mwisho, akaniambia:

"Mama, hibi habitumikake ku kinubi. Tunapigaka na bidole bine tu kila mukono. Yenye uliandika haiwezi pigwa."

Yule kijana namchukia mpaka leo. Masomo yote yale, hakupata hata dakika moja ya kusema hilo! Na ile programu ya sufuria, nilikuja kugundua baadaye, ingenitilia alama nyekundu kila nilipokosea.

Niliomba wiki moja nirekebishe. Prezida wa kwaya akanicheka mbele ya watu.

"Ya nini kujisumbua? Ordinateri yako iko inajua kupiga. Tutaiweka ku maspika."

Jumapili mama akaja kutoka Kiringye, amevaa kitenge kipya. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye ordinateri, nyuma ya kanisa. Wimbo wake ukatoka kwenye maspika, safi, bila kosa hata moja. Watu wakapiga makofi, prezida akasimama kupokea pongezi, nami nikatamani kumtupia kiti.

Misa ilipokwisha nilimkuta mama ameketi mbele, kando ya kinubi kilichofunikwa kitambaa cheupe. Alikuwa ameingiza mkono chini ya kitambaa, kiganja kimelala juu ya mbao.

"Mwanangu," akaniuliza, "mutaanza saa ngapi?"