Funda la Maji kwa Urusi na Amerika

Wiki iliyopita nilikwenda kijijini kwetu Ikuti kupalilia kaburi la bibi, peke yangu kama kawaida siku hizi. Nikafungua simu, nikakuta habari kwamba mataifa makubwa yanatunishiana misuli tena. Nikaizima. Ugomvi huo, rafiki yangu, nimekua nao nyumba moja.

Bibi, mzaa mama, ndiye aliyenilea. Wajomba zangu wawili walipata masomo ng'ambo: mkubwa Moscow, mdogo Amerika. Enzi hizo nchi hizo mbili hazikupikika chungu kimoja. Barua zilikuja mwanzoni, kisha zikakatika. Bibi akasema wakubwa wa kule wamewazuia wanawe, na hakuna aliyembishia.

Jua la kuanikia betri kwetu Rungwe ni la kuomba, kwa hiyo tulizipasha moto jikoni. Kila jioni nilizipachika kwenye redio, bibi akasikiliza huku akimenya ndizi. Kabla ya taarifa alichukua funda la maji akalipuliza sakafuni, kama wazee wa Kinyakyusa wanavyofanya wakipatanisha ndugu waliokasirikiana. "Semeni yaliyo moyoni, muyamalize," aliiambia redio. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Bibi hakumjali.

Nilipokuwa darasa la sita, mtangazaji akasema wakubwa wamepatana. Bibi akapiga vigelegele. "Ndaga, Kyala!" akamshukuru Mungu. "Wanangu wamefunguliwa!" Kesho yake akatandika vitanda viwili, akapika mbalaga, zile ndizi zetu za kuungwa kwa maziwa, sufuria kubwa. Jumamosi iliyofuata akapika tena, na iliyofuata. Mvua ilipiga mabati, nasi tukala wawili chakula cha watu sita.

Baada ya miezi mingi ikaja barua ya mjomba mdogo. Nikamsomea. Alisema ni mzima, kazi zimembana, na mama asiwe na wasiwasi juu ya kaka yake, kwani tangu zamani wao wawili hukutana kila Krismasi.

"Soma tena hapo," bibi akasema. Nikasoma.

"Kumbe hawakufungwa."

Akaniambia nitoe betri. Hakuuliza habari za dunia tena, na maji yake aliyanywa tu.

Nyumba ilishaanguka, na palipokuwa na migomba sasa pana chai ya mtu mwingine. Wajomba walizikwa hukohuko. Mungu anisamehe, lakini mara nyingine natamani wakubwa wale wangeendelea kugombana miaka michache zaidi, mpaka bibi afumbe macho.