Kamba ya Jenereta

Leo mchana, nikitoa petroli kwenye jenereta letu hapa Themi kabla ya kulifungia stoo, harufu ilinipanda puani nikajikuta nyuma ya nyumba yetu ya Tengeru, msichana mdogo mwenye sweta, nimemshikia baba dumu.

Baba alikuwa anaondoka kwenda kutafuta kazi mbali. Alimwaga petroli yote ya kwenye tangi, akaliwasha jenereta likanguruma kwa mabaki ya kwenye kabureta mpaka likazima lenyewe. Kisha akafungua plagi ya injini, akadondoshea oili kidogo tunduni.

"Baba, kwa nini usiiache petroli?" nilimuuliza.

"Ikikaa sana inaharibika, inaziba kabureta."

"Sana ni mpaka lini?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kutakata. "Wewe uwe unavuta kamba taratibu kila Jumapili, pistoni isikwame. Nikirudi liwake mara moja."

Basi kila tulipotoka kanisani niliingia stoo, nikafunua gunia, nikavuta. Jenereta lilikohoa kidogo, likanyamaza, chuma chake kikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Mwanzoni baba alikuwa akipiga simu. Baadaye hakupiga tena.

Mvua zikaja zikapita, nguzo za umeme zikafika kwetu, taa ikawaka sebuleni. Jumapili moja mama alinikuta stoo nimeinama.

"Acha, mwanangu," alisema kwa upole. "Hakuna atakayeliwasha."

Nilisubiri mpaka hatua zake zikaishia jikoni, nikaishika kamba, nikavuta taratibu.