Hukumu Iliyotundikwa Sebuleni

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, shangazi yangu aligonga ukuta wa jirani kwa mkasi na kuuliza, "Wewe bado upo?" Ukuta huo ulikuwa umeziba mlango wake wa nyuma. Alimshtaki jirani, akashinda, lakini hakuomba hukumu itekelezwe. Aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni. Jirani akija kupimwa suruali aliisifu fremu, akaenda zake.

Miaka ikapita. Siku moja nilimpeleka shangazi mahakamani kuulizia hukumu hiyo.

"Mama, hukumu ina muda wake," karani alimwambia. "Yako inakufa mwezi ujao. Omba leo ihuishwe, kisha uombe utekelezaji."

"Kumbe inachacha kama maziwa! Na mimi naifuta vumbi tu!"

Tuliomba siku hiyohiyo. Baadaye dalali wa mahakama alikuja na mafundi, ukuta ukabomolewa, jirani akinuna na suruali yake mkononi.

Jioni niliyomwona mara ya mwisho, shangazi alikuwa amelala, hana nguvu. Nikainuka kufunga mlango wa nyuma.

"Uache wazi, mwanangu," alisema. "Mbu nitapambana nao mwenyewe."