Barua Zilizotoka kwa Mkurugenzi

Mhazili wa idara ya upimaji ardhi alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye meza ile ile, na wakurugenzi sita walikuwa wamepita mbele yake kama wapangaji. Wenzake walimwita Bi Nukta, kwa sababu barua yenye kosa aliirudisha hata ikiwa imetoka kwa mkubwa. Ndiyo maana ilimuuma sana kwamba kosa lililoitikisa idara nzima lilipitia mikononi mwake.

Lilianza mkurugenzi alipokwenda wiki tatu kwenye semina ya kuharakisha kazi. Kabla ya kuondoka alimwambia, "Bi, barua pepe zangu zijibu wewe. Zile nyepesi. Nzito ziache zikae." Fundi wa kompyuta, bwana wa makamo mwenye furushi la funguo kiunoni, akaiongeza anwani ya mkurugenzi kwenye programu ya barua ya mhazili, ikakaa ya pili, chini ya anwani yake mwenyewe.

"Sasa una wake wenza humo ndani," fundi alisema, akaenda zake akicheka peke yake.

Asubuhi iliyofuata mhazili aliwaandikia watu wa bohari. Feni ya chumba chake alikuwa ameiomba mara tisa, na mara tisa mkuu wa bohari alikuwa amempiga danadana: leo ufunguo haupo, kesho fomu zimekwisha. Akaandika kwa mazoea tu: "Naomba feni ya chumba cha mhazili. Joto limezidi." Chai yake haijapoa, mkuu wa bohari huyo mlangoni, feni mbili kwapani, jasho linamchuruzika.

"Moja ya mezani, moja ya ukutani," alisema akihema. "Sikujua ipi itafaa."

Mhazili alidhani labda mtu huyu ameota ndoto mbaya.

Lakini mambo yakaendelea. Aliwaandikia masjala kwamba majalada yasirundikwe kwenye ngazi. Kufikia mchana ngazi ilikuwa nyeupe. Akawauliza wapimaji, kwa upole kabisa, ramani ya mtaa wa shule imefikia wapi. Ramani iliyokaliwa miezi kumi na minne ikaletwa na watu watatu: wawili wa kuishika na mmoja wa kuomba radhi. Kichwa kikaanza kumvimba mhazili. Alimwambia mumewe kwamba siri ya kazi ni lugha tu. Ukiwaandikia watu kwa adabu, watakusikia.

Siku ya nne mumewe, mwalimu mstaafu, alitokea ofisini, shati limefungwa vifungo kombo, simu mkononi.

"Mama watoto," alisema kwa sauti ya chini, "huyu mkurugenzi wenu ni mtu wa namna gani?"

"Kafanya nini tena?"

"Kaniandikia." Akavaa miwani, akasoma: "'Baba watoto, leo nitachelewa. Usiguse jiko mpaka nije, maana juzi umeunguza sufuria. Wako wa moyoni.' Na hapa juu pana jina lake na cheo chake. Nimefundisha miaka thelathini, sijapata kuandikiwa hivi na kiongozi."

"Hiyo nimeandika mimi!"

"Habari ya sufuria ndiyo iliyonitia shaka," mzee alikiri.

Mhazili aliigeukia kompyuta. Alifungua barua zilizotumwa, akazipitia moja moja. Zilikuwa arobaini na moja, zote kwa jina la mkurugenzi. Feni, ngazi, ramani, vyote vilikuwa vimemtii mtu ambaye wakati huo alikuwa semina. Adabu yake haikuwa imemsogeza hata karani mmoja.

Akampigia simu fundi. Fundi akamwambia ajaze fomu, isainiwe na mkurugenzi, kisha asubiri siku saba za kazi. Kwa hasira akamwandikia barua ya mistari miwili, akasahau kabisa itatoka kwa jina la nani. Dakika tatu baadaye fundi aliingia mbio, funguo zinalia kama kengele.

Alizima kompyuta, akaiwasha. Akapuliza vumbi. Akaiondoa anwani ya pili, akairudisha vile vile alivyoiweka mwanzo. Barua ya majaribio ikatoka kwa mkurugenzi.

"Hii ni virusi, mama."

"Virusi gani vinavyochagua cheo?"

"Basi tufute programu yote tuanze upya."

"Sogea kidogo, fundi."

Akakisoma kile kidirisha cha kuandikia barua kama mtu asomaye mkataba, kuanzia juu kabisa. Hapo ndipo alipouona mstari mdogo ulioandikwa "Kutoka". Ulikuwa juu ya jina la mpelekewa, na yeye siku zote macho yake huanzia kwa mpelekewa. Pembeni palikuwa na kishale; alipokibofya, anwani mbili zikajitokeza, na iliyochaguliwa ni ya mkurugenzi. Akaibadilisha. Alipofungua barua nyingine, ikajirudisha. Akaingia kwenye mipangilio, akakuta alama ya vema kando ya anwani ya pili: hii ndiyo itumike daima. Fundi ndiye aliyekuwa akiiweka, kila alipoongeza anwani.

"Ilikuwa ikiuliza nikubali," fundi alisema. "Mimi hukubali."

Mhazili aliihamisha alama, akamtumia mumewe barua. Simu ya mzee ikalia.

"Sasa ni wewe," alisema. "Lakini hii haina wako wa moyoni."

Angeweza kunyamaza. Badala yake alichapa orodha ya barua zote arobaini na moja, akaiweka mezani siku mkurugenzi aliporudi. Mkurugenzi aliisoma polepole, uso haumpi mtu habari.

"Ramani ya mtaa wa shule nimeitoa mimi?"

"Jina lako, mkuu. Maneno yangu."

 Kumbe huko semina bodi ya idara ilikuwa imempelekea cheti cha pongezi kwa jinsi anavyoongoza akiwa mbali vizuri kuliko akiwa karibu, naye alikuwa ameshakitia fremu.

"Kuna aliyelalamika?"

"Mume wangu tu."

"Basi rudisha hiyo alama ilipokuwa, tuendelee."

"Hapana, mkuu. Nipe barua ya kukaimu unaposafiri. Nitatuma kwa jina langu na cheo changu."

Mkurugenzi alikuna shavu, akatazama cheti, akasema mhazili aiandike mwenyewe. Mhazili aliiandika hapo hapo kabla upepo haujageuka. Mkubwa aliongeza maneno "kwa muda" kwa kalamu, akasaini.

Safari iliyofuata ya mkurugenzi, mhazili aliomba kabati la majalada kwa jina lake mwenyewe, kaimu mkurugenzi. Mkuu wa bohari alipiga simu kwanza kuuliza kama cheo hicho ni cha kweli. Ni cha kweli. Ni kikubwa kuliko chake? Kidogo. Kabati lililetwa baada ya siku mbili, mlango mmoja haufungi, na mhazili akalipokea.