Marashi ya Mwenye Nyumba

Mwenye nyumba wetu alipanda ngazi asubuhi ya Jumatatu moja akiwa amevaa suti nyeusi, tai, na viatu vilivyong'aa kuliko kipara chake. Alibisha hodi, akaingia, akatuinamia sote kwa heshima, akatoa kichupa mfukoni na kumnyunyizia bibi yangu marashi kichwani. Kisha akamnyunyizia mama. Akasema maneno ya kwao, marefu, yenye vina. Akanyoosha kiganja mbele ya mama na kusubiri.

Mimi hakuninyunyizia.

Alikuwa Mhungaria, mzee wa miaka sabini na kitu, fundi wa makochi aliyestaafu. Sisi ni Wazanzibari, na katikati ya miaka ya tisini tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba yake huko Harrow, London: bibi, mama na mimi, kijana wa miaka ishirini. Yeye alikaa chini peke yake. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake yuko Kanada. Kila alipokutana na mama kwenye ngazi alimbusu mkono. Mara ya kwanza bibi aliruka. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo shikamoo ya kwao: sisi tunamshika mkubwa miguu kwa maneno, wao wanambusu mkono kwa vitendo. Bibi akafikiri, akasema, "Basi kalelewa."

Lakini marashi yalikuwa jambo jingine. Alivyolelewa bibi, udi na marashi huja mwisho wa shughuli. Watu wameshasoma, wameshakula, wameshasengenya. Mwenyeji anapitisha chetezo cha udi, ananyunyiza marashi, na mgeni mwenye adabu anaanza kutafuta viatu vyake. Hakuna anayeambiwa nenda zako. Marashi yameshasema.

Kwa hiyo tulielewa. Na kile kiganja nacho tulikielewa.

"Anataka ufunguo," mama alinong'ona.

Aliutungua ufunguo wa akiba kwenye msumari akamwekea kiganjani. Mzee aliutazama kama mtu aliyepewa kifaranga. Macho yakamlowa. Alimbusu mama mkono, akateremka ngazi polepole, ufunguo kaushika kwa mikono miwili.

"Katufukuza," mama alisema.

"Kwa adabu lakini," bibi akajibu, ananusa kanga yake. "Na marashi yenyewe ya ghali. Tumeshafukuzwa na watu wasio hata na sabuni."

"Mbona mimi hakunimwagia?" niliuliza.

"Weye, mume wangu, anakutaka ubaki. Bomba linavuja, nani atamtengenezea?"

Alicheka, lakini niliona anavyoyakanda magoti yake. Tulikuwa tumetoka hosteli, tukahamia sebuleni kwa mama mdogo kule Ilford, ambako bibi alilala kwenye kochi fupi kumshinda, na bibi mwenyewe ni mfupi. Siku tuliyoingia Harrow alisema ngazi hizi amezipanda kwa miguu na atazishuka kwa jeneza. Mama naye alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee mtaa wa pili, anaenda na kurudi kwa miguu. Tukitoka hapa, kazi imekwenda na bibi hana pa kulala. Hilo ndilo lililokuwa kwenye kile kiganja.

Nilitaka kushuka nikamuulize. Mama akanizuia.

"Mgeni haulizi kwa nini. Ukishuka umeniaibisha."

Akaenda kutafuta maboksi ya ndizi.

Mimi ni mtu anayeomba radhi hata akikanyagwa. Mtu akiniambia "asubuhi njema" nakaa mchana kutwa nikijiuliza nimemfanyia nini hata aniombee wema. Nilikuwa na hakika kwamba kosa lilikuwa letu, na kwamba likitengenezwa vizuri sana, bila doa, mzee angebadili nia. Nikapitia makosa yote. Papa mkavu aliyekuwa akikaangwa Jumapili? Harufu ya papa hairekebishiki. Bibi anavyopiga kelele kwenye simu ya Unguja, kana kwamba waya haupo na ni sauti yake tu inayovuka bahari? Bibi ndiye kabisa harekebishiki. Likabaki bomba la jikoni.

Niseme pia kwamba sikusomea chochote. Kiingereza nilijifundisha maktaba, kwa vitabu vya ufundi wa nyumbani, kwa sababu vilikuwa na picha. Ndiyo maana nilijua kutaja sehemu zote za choo kabla sijajua kumwambia msichana habari za jioni. Sura ya mabomba niliijua kwa moyo. Sikuwahi kugusa bomba.

Jumanne alfajiri, maduka hayajafunguliwa na mama bado yuko zamu ya usiku, nilianza. Washa ya zamani, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, ilikuwa imelika. Mpya sina. Nikachukua ndala ya bibi, nikaweka sarafu juu ya kisigino, nikachora, nikakata. Nikaona haikutoka duara kamili, nikakata nyingine. Ya tatu ilinifurahisha. Ndala ilibaki na kisigino kama jibini la Waswisi, matundu matupu. Kisha nikafunga koki ya maji chini ya sinki, kama kitabu kinavyoagiza, nikashika spana.

Koki niliyofunga ilikuwa ya maji ya moto. Nililofungua lilikuwa bomba la maji ya baridi.

Kichwa cha bomba kiliruka kikagonga dari. Maji yakakifuata. Bibi alitoka chumbani akasimama mlangoni, kanga kichwani, akatazama kwa utulivu.

"Mume wangu, unatawadha?"

Nilipoipata koki ya kweli, maji yalikuwa yameshazama kwenye upenyo unaopitisha paipu, na chini ya upenyo huo, kama kila asubuhi, mwenye nyumba alikuwa amekaa akinywa kahawa yake. Tulisikia kiti kikianguka. Tukasikia miguu kwenye ngazi, inapanda mbio. Wakati huohuo mama alikuwa anarudi kutoka kazini na maboksi mengine mikononi, hivyo waliingia wawili pamoja.

Mzee alikuwa amelowa chapachapa. Nywele chache alizokuwa nazo zilimganda masikioni. Nilikuwa nimeshatayarisha radhi yangu, yenye sentensi kamili, lakini alianza kupiga makofi.

"Mnajua!" alipaza sauti. "Mnajua na Jumanne pia! Jana mimi, leo nyinyi! Nani kawaambia?"

Alicheka hadi akashika ukuta. Sisi tulimtazama. Kisha macho yake yakafika kwenye maboksi: ya mama mikononi, na mengine yaliyopangwa kando ya mlango, sahani, sufuria, blanketi la bibi lililofungwa kamba. Kicheko kikakatika. Aliyajua mafurushi yale kuliko sisi. Yeye alitoka kwao kwa miguu, wakati wa vifaru na risasi, na mke na mtoto mchanga. Makoti waliyaacha, kwa sababu mkewe alikataa katakata kuacha kinu cha chuma cha kusagia mbegu za kutilia kwenye keki. Walivuka mpaka wakitetemeka, wamebeba kinu. London walikuta mbegu zenyewe haziuzwi.

"Nani anawafukuza?" aliuliza.

"Mwambie ni yeye," mama alisema.

Nilitafsiri. Niliongeza radhi mbili ambazo mama hakuzisema.

Mzee alikaa juu ya boksi. Lilikuwa la sahani. Tulisikia moja ikivunjika. Akatueleza polepole, nami nikawatafsiria. Kwao, Jumatatu ya Pasaka, wanaume hupita nyumba hadi nyumba kuwanyunyizia wanawake maji au marashi wasije wakanyauka, kama maua. Wanaume hawanyunyiziwi, wao wanyauke tu. Mwanamke akishanyunyiziwa humpa mwanamume yai lililotiwa rangi. Kiganja kilikuwa cha yai. Na kesho yake, Jumanne, sehemu nyingine wanawake hulipiza kwa ndoo. Tangu mkewe afe hadi tulipokuja sisi, hapakuwa na mwanamke katika nyumba ile. Viatu alianza kuvipiga rangi tangu Jumamosi.

"Mlipotoa ufunguo," alisema, "nikafikiri, hawa watu ni wakarimu. Sisi yai, wao nyumba."

Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Chumba cha kwanza walichopanga London walitolewa kwa sababu ya harufu ya kitunguu. Cha pili, mtoto alilia. Cha tatu, viti vya watu alivyokuwa akivishona vilijaa kwenye korido. Akamwapia mkewe kwamba wakipata nyumba yao, mtu hatatolewa ndani yake. Waliinunua hii ikiwa na tundu kwenye paa. Wakamjaza mama mkwe, wakamjaza ndugu na mkewe, wakala kwa zamu kwa sababu viti vyote vilikuwa vya wateja. Hakumtoa mtu. Walitoka wenyewe, mmoja kwa ndoa, mmoja kwa kazi, wengine kwa jeneza.

Bibi alinisikiliza nikitafsiri hadi mwisho. Akajifuta pua kwa kanga.

"Mwambie papa wangu ananuka kuliko kitunguu."

Nikamwambia.

"Najua," mzee alisema. "Kila Jumapili najua."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, akiwa bado na maboksi mikononi. Bibi alikwenda kwenye friji akatoa yai. Lilikuwa bichi, na sufuria zote zilikuwa zimefungwa. Akampa hivyohivyo, na mzee akalishusha ngazi kama mtu aliyebeba kandili kwenye upepo.

Ufunguo alitaka kuurudisha. Mama akakataa, kilichotolewa kimetolewa. Basi kesho yake akatuletea wa kwake. Nilidhani hiyo ni heshima tu, ya kutundikwa. Bibi aliutumia mchana uleule: alishuka, akafungua, akaonja supu ya mzee na kuitia chumvi.

Pasaka iliyofuata mzee aliniambia kwamba mwanamume wa nyumba lazima anyunyize, na lazima awe na shairi lake mwenyewe. Nilianza kuliandika mwezi wa tisa. Nilihesabu mizani, nikapanga vina vya kati na vya mwisho, nikachana, nikaanza tena. Asubuhi yenyewe nilisimama mbele ya bibi nimevaa tai ya kuazima, mzee nyuma yangu ananong'ona nitabasamu, na shairi lote likanitoka kichwani. Nikatikisa kichupa, kifuniko kikafunguka, nusu chupa ikamwagikia bibi usoni.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Ndiyo pekee niliyoikumbuka.

"Marahaba, mume wangu." Alifuta macho. Akanipa yai lililopakwa hina, na lingine, zuri zaidi, akampa mzee. Bomba lilikuwa likidondoka jikoni. Marashi yalikuwa yameshamwagwa, tena kwa wingi. Bibi akavua ndala zake, ile nzima na ile yenye matundu, akapandisha miguu yote miwili juu ya kochi.